Ndizi za Bibi Siku ya Mbio

Jirani yangu hapa Bukoba amefunua sufuria ya ndizi na maharage. Harufu ya majani ya mgomba imenifuata mpaka chumbani, ninakopanga mlo wangu wa mazoezi, na nimekasirika upya.

Nilikuwa darasa la sita. Mshindi wa mita mia nane angechaguliwa kukimbia mkoani. Nilikuwa nimeokota kipande cha gazeti kilichosema mwanariadha asile chakula kizito. Maneno yaliyofuata yalikuwa yamechanika. Nikajiona nimeelewa, nikaacha kula tangu jana yake.

Asubuhi ya mashindano, Bibi akafika uwanjani Muleba na kapu la ndizi zilizofunikwa majani ya mgomba kichwani.

“Mwana wange, kula.”

“Bibi, nimesoma. Chakula kizito kinaharibu mbio.”

“Umesoma! Hivyo vijiti vyako vitakimbizwa na gazeti?”

Sikugusa. Bibi hakuwa mtu wa kurudi na chakula nyumbani, kwa hiyo akamwita msichana wa Kemondo, mpinzani wangu. Yule akapiga magoti, akashukuru, akala taratibu, maana mbio zetu zilikuwa za alasiri, na chakula kingekuwa kimeshashuka.

Mzunguko wa pili miguu yangu ikagoma. Yeye akashinda nafasi niliyoitaka kuliko kitu chochote. Na Bibi, bibi yangu mwenyewe, akampigia vigelegele!

Kisha akaja kuniwekea kapu mbele. “Sasa utakula?”

Njaa ilikuwa inanitetemesha. Nikasema sitaki, kwa ukaidi mtupu, na msichana wa Kemondo akamaliza zilizobaki.