Nilivyokwenda Jinja na Mbale Kujifunza Kuomba

Mke wangu Zuhura alipofariki, chama chetu cha kusaidia vipofu pale Kisumu kilipoteza mkusanyaji wake. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuomba blanketi, nafaka na katani kwa ajili ya nyumba yetu ya vipofu, na hakurudi mikono mitupu. Baada ya arobaini tuligawana mitaa yake. Wiki baada ya wiki tulirudi na magunia matupu, mpaka msimamizi wa nyumba akaanza kusema kwamba huenda vipofu wakarudishwa makwao. Siku moja mwenyekiti akanigeukia mbele ya wote.

"Fundi Idi, wewe ndiye uliyeishi naye. Alikuwa akisema nini pale mlangoni?"

Nilikuwa nimeishi naye miaka kumi na tisa, mimi kwenye cherehani, yeye njiani. Sikuwahi kumwuliza. Ndipo nikatumwa Uganda, ambako chama kama chetu kilikuwa na wakusanyaji hodari, nikajifunze kwao.

Jumatatu alfajiri nilipanda basi la Busia, na baada ya kuvuka mpaka nikapata jingine. Kufika Jinja ilikuwa alasiri, nguo zangu zimegeuka rangi ya udongo. Mji mzima ulinukia mbegu za pamba zinazokamuliwa mafuta. Mwenyeji wangu, Mama Saida, Mwislamu wa kabila la Wasoga mwenye kibanda cha vitambaa sokoni, alikuwa akinisubiri kituoni. Hakuniuliza habari za chama.

"Pole kwa kufiwa na mkeo," alisema, akachukua kifurushi changu. "Twende ule kwanza."

Jumanne alasiri alinipeleka nyumbani kwa Bibi Amrit, mama wa Kisingasinga ambaye mumewe alikuwa na kiwanda cha mbao. Barazani walikuwa wameketi wakusanyaji wote wa Jinja, Waasia na Waafrika, wanakunywa chai. Desturi yao ilikuwa kwamba kila mmoja asimulie mlango uliofunguka na mlango uliofungwa, na aanze na uliofungwa. Bibi Amrit alisimulia jinsi mfanyabiashara mmoja alivyomwita ombaomba mbele ya binti yake. Alipokuwa akisema, mashavu yake yalimwiva tena.

"Yule mwendee asubuhi, dada, kabla ya wateja," Mama Saida alimwambia. "Mbele ya watu anaona haya, ndiyo maana anakuwa mkali. Mimi mwaka jana alinifukuza, sasa ananipa sukari."

Zamu yangu ilipofika nilisema sina mlango wa kusimulia. Nilikuwa na mke aliyeijua kazi hii, nami sikumwuliza. Nikainamisha uso. Bibi Amrit aliinua birika, akaniongezea chai, na mazungumzo yakaendelea taratibu mpaka nilipoweza kuinua uso.

Jumatano asubuhi Mama Saida alinipeleka Wanyange, ziwani, nijaribu mwenyewe. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mama muuza samaki. Nilisimama wima, nikaeleza kuhusu chama chetu, shabaha zake na mahitaji yake.

"Bwana," yule mama alinikatiza, "wewe nasoma barua ama naomba kitu?"

Tuliondoka bila kitu. Mama Saida alicheka mpaka akajishika kiuno, kisha akaniuliza, "Umesema vipofu, vipofu. Nani hao? Hawana majina?"

Nilimtaja Ouma, ambaye husuka vikapu vya katani, na ambaye kila asubuhi huniuliza nguo niliyovaa ina rangi gani.

"Basi mwambie huyo mwingine habari za Ouma."

Kwenye mlango wa pili nilimzungumzia Ouma tu. Mwenye nyumba aliniuliza kama ana mke, na nani humpikia. Tulipoondoka alikuwa ametufungia samaki wakavu kwenye jani la mgomba.

Alhamisi tulipanda treni, mimi na Mama Saida, tukabadilisha Tororo na kufika Mbale jioni, mlima umejifunika mawingu. Tulifikia kwa Miriamu, mwalimu kijana aliyekuwa katibu wa kikundi cha pale. Alitupikia malewa, machipukizi ya mianzi kwa karanga, huku akitueleza shida yake. Karibu vitu vyote vya Mbale vilipatikana kupitia mtu mmoja, Mzee Hamisi Nabende, naye hakutaka kumfundisha mtu. Na sasa alikuwa anaumwa kifua.

Ijumaa baada ya sala tulimkuta barazani kwake.

"Kazi hii ni kipaji," alisema mara moja. "Haifundishwi."

Mama Saida alitaka kubishana. Nikamwomba aniachie niseme.

"Mzee, mke wangu alikuwa na kipaji hicho. Amekufa. Vipofu aliowalisha sasa wako karibu kurudishwa makwao, kwa sababu mimi mumewe sikumwuliza neno. Mimi nakuuliza."

Alikohoa, akainuka na kuingia ndani. Tulidhani ametukatalia.

Jumamosi asubuhi akaja mwenyewe, amevaa kanzu safi. "Njooni," alisema. Tulimfuata kwenye maduka ya jumla, duka baada ya duka, na hakuomba kitu popote. Kwa mwenye duka la kwanza alisema, "Blanketi lako amepewa bibi Nambozo. Anasema baridi ya mlima haimpati tena." Kwa wa pili, "Unga wako umeisha. Watoto wamekusalimu." Ndivyo asubuhi nzima.

"Na kuomba je?" Miriamu aliuliza.

"Wiki ijayo. Au wanaleta wenyewe." Alikuwa akihema, ikabidi aketi juu ya gunia la kahawa. Akasema bila kumtazama, "Niliogopa kwamba nikikufundisha, mtaniambia nikapumzike."

Miriamu alipiga magoti mbele yake, kama binti wa pale anavyomsalimu baba. "Tutakuambia upumzike, mzee. Lakini kila jioni nitakuja kukuuliza."

Yule mzee alifuta uso kwa kofia yake.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa Kisumu. Sikuchukua gunia. Nilianza na nyumba ya Mama Akoth, aliyekuwa akimpa Zuhura mtama kila mavuno na sasa alikuwa akitufungia mlango. Nilimwambia Zuhura amefariki, na kwamba mtama wake uliwalisha watu ninaowajua kwa majina.

Alishika mwimo wa mlango. "Tulisikia kwa watu," alisema. "Ninyi mlikuja na magunia, hakuna aliyetuambia."

Aliniwekea kigoda. Nikamwuliza Zuhura alikuwa akisema nini akifika hapa.

"Alikuwa akiniuliza goti langu linaendeleaje. Kisha anakaa hapo ulipokaa, ananisaidia kuchambua mboga. Mengine yalikuja yenyewe."

Nilikaa kwake mpaka adhuhuri nikimsikiliza. Siku hizi kila Jumanne wakusanyaji wa Kisumu hukutana kwenye chumba changu cha kushonea, nasi tunaanza na milango iliyofungwa. Ouma na wenzake bado wapo. Na kila nyumba ninayoingia nauliza habari za Zuhura, nao hunipa.