Kidonda Kilichomkimbia Mkwe

Mwaka ule mama alikuwa na kidonda kwenye muundi, na majani yote ya Susuni yalikuwa yameshindwa. Dawa ya hospitali ilikuwa karibu, Bomani, mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli. Lakini dresa aliyefunga vidonda kwenye zahanati ya Bomani, Marwa, ndiye aliyemwoa dada yangu Robi.

"Nimnyooshee mkwe mguu?" mama aliniuliza. "Nikifa mtasema kidonda kimeniua. Nikimnyooshea mtasema nini?"

Kwetu mkwe na mama mkwe hupishana njia. Hata kutazamana ni kuvunjiana heshima. Basi tukafunga safari ya Mugumu, kumtafuta dresa ambaye hakuoa kwetu.

Siku ya kwanza tulipanda lori la mahindi. Tulipopita Bomani mama alijifunika shuka kichwani mpaka nyumba za mwisho, kana kwamba Marwa angelisimamisha lori apande.

Mto Mara tuliuvuka kwa pantoni. Mama hakuwahi kukaa juu ya maji. Alimtazama utingo wa lori kwa makini, akamwuliza kama ameoa.

"Bado, mama."

"Vizuri. Basi nitakushika mkono." Hakuuachia mpaka ng'ambo.

Siku ya tatu, mchana, tulifika Mugumu. Dresa wa hospitali ya pale alikuwa Mwikoma wa makamo, si wa kabila letu, mtu wa maneno machache. Alimwamkia mama shikamoo, akakifungua kidonda, akakinusa.

"Mama, hiki kimekaribia mfupa. Nitakuchoma sindano siku tano. Kisha kioshwe na kufungwa kila siku, miezi miwili. Kikiachwa, mguu utakatwa. Kwenu hakuna dresa?"

"Yupo."

"Hajui kazi?"

"Anajua sana. Ni mkwe wangu."

Wodi nzima ikaguna kwa kuelewa. Bibi wa kitanda cha pili akasema, "Wangu ndiye mpishi wa hapa. Tangu nilazwe naletewa uji kutoka nyumbani."

Dresa hakucheka. "Huyo mkwe wako ameoa nani?"

"Binti yangu."

"Ana mikono?"

"Miwili."

"Basi hiyo ndiyo itakayokufunga."

Mama alilifikiria jambo hilo siku zote tano. Tulipokuwa tunapanda gari la kurudi alisema tu, "Tutashuka Bomani."

Bomani alikaa kwa shangazi yangu. Kila asubuhi Robi alipiga magoti na maji ya moto, na Marwa akasimama nje, mgongo kwenye ukuta, akifundisha.

"Robi, mwambie mama asikaze mguu."

"Robi, mwambie mumeo aje na wake, tuone kama hatakaza."

"Robi, kinanuka?"

Wiki ya tatu dada alijibu, "Leo hakinuki." Nje tukasikia mtu akishusha pumzi.

Tulisafiri siku tatu kuifuata dawa iliyokuwapo Bomani. Lakini Mugumu ndiko alikokuwapo mtu wa kuuliza swali ambalo sisi, tuliolelewa na adabu ile, halikutupitia kichwani.

Siku ya kurudi Susuni kidonda kilikuwa kimefunga, na mama alikataa kupanda baiskeli mpaka tutoke nje ya mji; alitaka kutembea mwenyewe. Njiani tukakutana na Marwa. Akaruka kwenye shamba la mahindi, kama inavyopasa, lakini mahindi yalikuwa mafupi. Alichutama mle, akiutazama mguu hatua kwa hatua.

Mama aligeuza uso upande wa pili. Kisha akapunguza mwendo, ili mkwe amalize kutazama.