Ishbel na Bendi ya Rankin

Ishbel MacPhail alipika katika shule ya kijiji chao, kisiwani Mull huko Uskoti, kwa miaka thelathini na minane, na hakupika hata siku moja bila muziki. Redio yake ya kaseti ilikaa juu ya kabati la sahani, mbali na mvuke, na watoto walijua watakula nini kabla hawajanusa harufu. Wakisikia zumari, basi ni nyama ya kusaga na viazi. Wakimsikia yule binti wa fidla kutoka Shetland, ni samaki. Zumari zilimkumbusha harusi yake na marehemu Hector, mvua ilivyowanyea hadi mpiga zumari akawa anatema maji. Fidla ilimkumbusha baba yake, aliyekuwa akinyoa ndevu huku akipiga mluzi, akajikata kila Jumapili.

Ijumaa ilikuwa ya Bendi ya Rankin. Ijumaa alifunga mlango wa jiko, akasugua masufuria peke yake, na ole wake atakayebisha hodi.

Kwa nini afunge mlango? Kwa sababu ya Lachie Beaton, ndiyo sababu! Na mimi nitasema wazi, maana kijiji kizima kilijua isipokuwa Lachie mwenyewe.

Mwaka 1974 Ishbel alikuwa na miaka kumi na tisa, na Bendi ya Rankin ilikuja kupiga katika ukumbi wa kijiji. Tormod Rankin alishika kodiani, kaka yake Alasdair alipiga ngoma. Katikati ya dansi, Tormod alitangaza zamu ya wanawake kuchagua. Ishbel alikuwa ameingoja zamu hiyo tangu Krismasi. Alivuka ukumbi mbio, akamkamata Lachie mkono kabla hajaweka glasi mezani. Ndipo Tormod akatangaza dansi lenyewe: duara la kuhama. Katika duara la kuhama mwanamke hubaki mahali pake na mwanamume husogea kwa mwanamke wa mbele kila mzunguko unapokwisha. Ishbel alimpata Lachie kwa nusu dakika. Muziki ulipokoma, Lachie alikuwa upande wa pili wa ukumbi, mikononi mwa Rhoda. Na desturi ya pale haina mchezo: uliyenaye muziki ukikoma ndiye unayempeleka kunywa chai. Lachie akampeleka Rhoda kunywa chai. Miaka miwili baadaye akamwoa.

Ishbel na Lachie wote waliishi vizuri na wenzao, nisiwasingizie. Hector alikuwa mume mwema, na Ishbel alimlilia kwa haki alipofariki. Rhoda naye alitangulia miaka minne iliyopita. Lakini wimbo ule wa duara, Ishbel hakuuacha. Aliusikiliza kila Ijumaa mpaka kaseti ikakwaruza.

Sasa mwaka huu, mwezi wa Februari, zikaja habari mbili siku moja. Ya kwanza, akina Rankin watakuja kupiga mara ya mwisho, Jumamosi saa nane mchana ili wazee nao wafike. Ya pili, Lachie ameuza nyumba, na Jumatatu anapanda meli kwenda Inverness kuishi kwa binti yake moja kwa moja.

Dolina, jirani yake Ishbel na shoga yake tangu utotoni, ndiye aliyezileta zote mbili, bado amevaa buti za bustanini.

"Shoga, Jumamosi usipomchukua Lachie, utamchukua lini? Akhera?"

"Nimchukue nimpeleke wapi, na magoti haya?"

"Kwenye chai! Chai tu! Miaka hamsini unasugua masufuria kwa ajili ya kikombe cha chai, hujachoka?"

Ishbel alimtupia taulo. Lakini jioni ile alikaa mezani akamwandikia Tormod barua ya mistari mitatu. Alimwomba kwamba, zamu ya wanawake ikifika, awapigie ule wimbo wao wa mwaka 1974, akaueleza ulivyo mpaka akaishiwa maneno. Akaibusu bahasha, mwanamke wa miaka sabini!

Jumamosi ukumbi ulijaa. Ishbel alivaa gauni la buluu na viatu vyenye soli laini. Tormod alipanda jukwaani akiwa na miaka sabini na nane, kodiani tumboni, Alasdair nyuma yake. Walipoanza tu, wazee waliokuja na mikongojo waliisahau mlangoni.

"Zamu ya wanawake!" akapaza sauti Tormod.

Ishbel alishatoka. Dolina anaapa kwamba hajawahi kuona mtu wa umri ule akiukata ukumbi vile, akikwepa viti kama kondoo aliyeona pengo kwenye uzio. Akamfikia Lachie.

"Inuka, Lachie Beaton."

"Mimi?" Lachie akacheka, akainuka. "Ishbel, mguu wangu mmoja ni wa chuma siku hizi."

"Basi tutacheza na ule mwingine."

Wakasimama karibu na jukwaa, mkono kwa mkono. Tormod akatabasamu kwa furaha ya mtu anayetoa zawadi. "Na kwa ombi la mpenzi wetu wa siku nyingi," akasema, "wimbo wa mwaka 1974! Kwa hiyo, mabibi na mabwana, jipangeni: duara la kuhama!"

Mungu wangu. Kwa akina Rankin kila wimbo una dansi lake, hautengani nalo, na yeye kama mtu wa pale alilijua hilo tangu akiwa msichana. Aliomba wimbo, akasahau kwamba anaomba na dansi. Kwa mkono wake mwenyewe, na bahasha akaibusu!

Kodiani ikaanza. Mbele, nyuma, zunguka. Nusu dakika ikayeyuka, na Lachie huyoo akasogea kwa mwanamke wa mbele, akigeuka kumpungia mkono. Ishbel akahesabu duara haraka haraka. Jozi kumi na saba. Bendi huwa inapiga mizunguko minane, tisa ikizidi sana. Ili Lachie arudi, lazima duara lizunguke lote.

Basi hasira zikampanda, na zilikuwa hasira njema.

"Tormod Rankin!" alipaza sauti, huku mikononi akiwa na mwalimu mkuu mstaafu. "Usisimame mpaka nikuambie!"

"Unasemaje, mama?"

"Piga! Usisimame!"

Tormod akamtazama, akamtazama Lachie anavyosogea, na nadhani hapo akaelewa, maana alikaza mkanda wa kodiani begani. Mizunguko minane ikapita. Tisa. Kumi. Watu wakaanza kutazamana. Kwenye mzunguko wa kumi na mbili Dolina akaropoka, "Anamngoja Lachie!" na habari ikakimbia duara zima haraka kuliko dansi lenyewe. Wanawake wakaanza kumsukuma Lachie mbele kabla ya wakati. "Nenda, bwana, nenda!" Wazee walioketi wakagonga meza. Jasho lilimtoka Tormod mpaka kwenye nyusi.

Mzunguko wa kumi na tano, vidole vyake vikakataa. Mkono wa kulia ulijikunja kama kucha za kuku, kodiani ikatoa mguno, ikanyamaza. Kati ya Lachie na Ishbel walibaki wanawake wawili tu. Lachie alikuwa ameshika mikono ya mke wa mwenye duka, na muziki umekoma, na desturi ni desturi.

"Nisamehe, mama," Tormod akasema, akikaribia kulia.

Ishbel hakuwahi kuimba mbele ya watu. Aliimbia masufuria, basi. Lakini zamani kisiwani, nyumba isiyo na fidla watu walicheza kwa mdomo, mtu mmoja akiimba wimbo wa dansi kwa sauti tupu, na bibi yake alikuwa hodari wa kazi hiyo. Ishbel akafumba macho, akafungua kinywa.

"Hin-da-ri ho-ro, hin-da-ri hi!"

Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini wimbo ulikuwa wenyewe, hata nukta haikupotea. Ijumaa zote zile zilikuwa ndani yake! Alasdair akadaka kwa ngoma. Miguu ikaanza kupiga sakafu. Mke wa mwenye duka akamzungusha Lachie, akamtupa mbele kwa mwenzake, naye mwenzake akamtupa kwa Dolina. Dolina akampokea, hakumzungusha hata vizuri, akampa kofi la mgongo. "Haya, fika!"

Akafika. Uso mwekundu, anahema, na mguu wake wa chuma. Wakaenda mbele, wakarudi nyuma, wakazunguka, na Ishbel anaimba huku machozi yanamtiririka na hajali nani anaona. Mzunguko ukakaribia mwisho. Mwanamume aliyefuata akanyosha mikono amchukue.

Ishbel akafunga mdomo.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Lachie alibaki amemshika, akitafuta pumzi.

"Ishbel," akasema, "tangu lini?"

"Tangu 1974, mpumbavu wewe."

Lachie akaitazama meza ya chai, akaitazama mikono yao. "Meli ya Jumatatu," akasema polepole, "huwa imejaa sana. Acha iende bila mimi."