Ukurasa Mweupe wa Gesti Yetu

Tahajia yangu ni mbaya, mniwie radhi. Shule niliiacha darasa la sita, na mwandiko wangu unalala upande kama nyasi zilizokanyagwa. Naandika polepole, na neno nisilolijua nalizunguka.

Mwaka ule mapigano yaliporudi Juba, mama yangu alikimbilia kambini Uganda na wadogo zangu. Mimi nilibaki na mama mdogo, ambaye alikuwa na gesti ndogo mtaa wa Hai Amarat. Wageni waliisha. Mashuka tuliyafua na kuyaanika, tukayatandika bila mtu kuyalalia, kisha vumbi likaingia tukayafua tena.

Hoteli ya jirani, yenye dishi la setilaiti, ilikuwa na kijana Mkenya aliyeangalia kompyuta zao. Alikuwa anakula kwetu. Siku moja alimwambia mama mdogo kwamba siku hizi mgeni hatafuti chumba barabarani, anatafuta kwenye simu, na kwamba angemtengenezea tovuti. Alipomaliza alituletea kompyuta yake mezani tuione.

Ilikuwa nyeupe. Katikati palikuwa na picha ya kitanda kimoja, na pembeni juu vistari vitatu. Hakuna kingine.

"Vitu yangu iko wapi?" mama mdogo akauliza.

"Vitu gani, mathe?"

"Mimi iko na jiko, iko na tangi ya maji, iko na jenereta. Wewe umeniwekea kitanda moja kama ya wodi."

"Ziko ndani. Unabonyeza hii mistari, zinatokea. Ama unashuka chini, zinakuja mosmos, polepole. Watu wamechoka na mavitu mingi. Hiyo nafasi inaachia macho ipumue."

"Macho inapumua? Ya kwangu inaona tu."

Tulicheka. Lakini mimi sikuelewa, na kwa aibu yangu sikuuliza. Ukuta wa gesti yetu ulichorwa na fundi wa mtaa wa Malakia: kitanda, kuku, samaki, feni, chupa ya soda, hata kabati ambalo hatukuwa nalo. Kwetu duka linaonyesha kilichomo. Sasa huyu aliyesoma anasema ficha, ndiyo watu watakuja. Nilifikiri labda kuna jambo nililolikosa darasa la saba.

Mama mdogo alikubali, na mimi nikamtumia mama jina la ukurasa ule kupitia jirani yake wa kambini, kwa kuwa mama hakuwa na simu yake. Nilitaka afurahi. Baada ya hapo mnara wa simu mtaani kwetu ukanyamaza. Walisema hauna dizeli.

Kisha akaja dereva wa lori la unga kutoka Uganda, mtu mzima mwenye shati la bluu lililochanika mfukoni. Alisimama mlangoni akatutazama sana kabla ya kusalimia.

"Kwa hiyo mko," akasema.

"Tuwe wapi tena?" mama mdogo akamjibu.

"Kuna mama mmoja pale Nimule, mpakani, anatafuta gari ya kuja hapa. Anasema nyumba ya dada yake imeporwa na watu wameisha. Mimi nimemkatalia. Lakini atampata wa kumbeba."

Barabara ile wakati huo ilikuwa inachomewa magari. Kila mtu alijua.

"Nani amemwambia tumeisha?"

"Ameona kwenye simu. Kila mwenye simu pale mpakani anaombwa amfungulie ukurasa wenu. Kila mara mweupe. Hata kitanda hakitokei."

Hapo nilijua ni mama. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa mtaa wa Atlabara, hapa hapa Juba. Tuliporudi baada ya mapigano ya kwanza, hata milango ilikuwa imebebwa, na ukutani paliposimama kabati palibaki mraba mweupe. Mama aliuwekea kiganja mraba ule. Mtu kama huyo unamfungulia weupe, macho yake yatapumua nini?

"Rudi umwambie tuko wazima," mama mdogo akasema.

"Unga haujashushwa. Na nikimwambia, ataamini? Sisi hatumwambii mtu msiba njiani. Tunasema wote wazima, mpaka afike akute turubai uani."

Ni kweli. Shangazi yangu aliambiwa hivyo hivyo.

Mama mdogo alikwenda kwa Mkenya na mwiko mkononi, nami nikamfuata. Yule kijana alianza kueleza kwamba simu za kizamani hazifungui ule mtindo wa vitu kutokea polepole. Kisha akamwona uso, akaacha. "Basi tuweke picha yenu. Ndogo, ifunguke haraka."

"Picha inaweza kuwa ya mwaka jana," nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu aanze kula kwetu. "Asimame na dereva. Shati lile mama ameshaliona mpakani."

Alitupiga picha mbele ya ukuta uliochorwa: mama mdogo na mwiko wake, dereva na shati lake, mimi kichwa chini. "Ya bit, wewe msichana, inua uso!" mama mdogo akafoka. Nikainua. Kwa dishi la hoteli Mkenya akatuweka juu kabisa ya ukurasa, na chini yetu akapanga jiko, tangi na jenereta, bila vistari.

"Sasa imekuwa soko," akanung'unika.

Tukangoja. Unga ulishushwa, mnara ukaamka, na simu ya mama mdogo ikalia kwa namba ngeni. Nikapewa mimi.

"Mbona umesimama na dereva wa lori?" Ilikuwa sauti ya mama. "Kuna harusi mnanificha?"

Alicheka, halafu nikasikia hacheki tena. Akasema anarudi kambini kwa wadogo zangu.

Mgeni mmoja aliyefika baadaye alisema ukurasa wetu unachosha macho. Mama mdogo akamwambia, "Basi lala." Nami bado sielewi. Kurasa ninazofungua leo karibu zote ni nyeupe hivyo, na kila mara natafuta kwanza kama kuna mtu.

Ninyi mnaosoma, ukurasa mweupe ukifunguka mbele yenu, mnapumzika, au mnashtuka kama mama? Niandikieni. Hata mkikosea herufi, nitasoma.