Mac ya Kaka

Mimi ni mtu wa Windows. Nimekaa na Windows kwenye ofisi ya shule hapa Musoma mpaka herufi zimefutika kwenye kibodi, na vidole vyangu havipotei. Ile kompyuta haina neno la siri wala nini. Mwalimu akija anakaa, anachapa mtihani wake, anaondoka. Ukoo mzima unanijua kwa hiyo kazi: akifa mtu, wasifu wa marehemu naandika mimi, na kaburini nasoma mimi. Nilikuwaga najivunia, we acha tu.

Wasifu wa kwetu unajulikana. Alizaliwa, alibatizwa, alisoma, aliugua, ameacha mjane na watoto kadhaa, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mlevi anaitwa mcheshi. Mgomvi anaitwa mtu wa msimamo. Na watoto wanaohesabiwa ni wa ndani ya ndoa tu.

Kaka yangu alikuwa mpiga picha Bunda, wa harusi na misiba, na kazi zake zote alizitengenezea kwenye Mac, kompyuta ya kupakata. Saratani ya koo ilipomshika, na madaktari wakasema turudi naye nyumbani, akaniita. Nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda kumuuguza. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana, lazima uiname. Akasema wasifu wake anautunga mwenyewe, mimi kazi yangu kuchapa, na nichape kwenye Mac yake, siyo kwenye lile dude letu la shule. Hakutaka mtu aje aseme nimejitungia.

Jamani, ile mashine ilinitesa. Control uliyoizoea haisaidii, unabonyeza Command. Alama ya kufunga imehamia kushoto. Kipanya hakuna, unasugua kwa vidole viwili na ukurasa unakimbilia kule usikotaka. Siku moja nikamfutia aya nzima. Kaka akacheka mpaka akakohoa damu, na mimi nikatoka nje kulia. Niliichukia ile Mac. Nadhani nilikuwa nauchukia ugonjwa, ila ugonjwa haukuwa na vitufe.

Kila tukianza, yeye ndiye aliyeifungua. Aliweka kidole chake kwenye kona ya kibodi, kioo kikawaka. Ikidai neno la siri aliandika mwenyewe. Sikumuuliza ni neno gani. Mgonjwa ukimuuliza mambo kama hayo unamwambia kwamba anakwenda.

Tulipofika kwenye watoto, akasema, "Andika wanne."

Nikanyanyua macho. Ndoa yake ina watatu. Huyo wa nne, ambaye kwa kuzaliwa ndiye wa kwanza, alimpata na mwanamke wa Guta kabla hajaoa. Sasa ni mama mzima, ana mtoto wake mgongoni, na uso ni wa kaka hata ungefunikwa na khanga. Siri hakuna. Alikuwa anamletea baba yake samaki, sato wa ziwani, anapitia mlango wa uani, anasalimia, anaondoka. Alichokosa ni kutajwa. Kwenye ukoo wetu asiyetajwa kwenye wasifu hatupi udongo kaburini na watoto, anatupa na majirani. Na huyu akitajwa anatangulia, na anayetangulia ana neno kwenye nyumba ya Bunda. Hapo ndipo wazee walipokaza, miaka yote.

"Nilimnyima kila kitu," kaka akasema. "Hilo asikose."

Nikaandika wanne.

Alikufa alfajiri, Mac ikiwa wazi kwenye kigoda kando ya kitanda. Nilimfumba macho, nikawaita watu, na nilipogeuka nikaona kioo kimeanza kufifia. Ikilala itadai kidole chake, au lile neno nisilolijua. Nikaigusa, ikawaka. Kuanzia hapo sikuifunika. Waombolezaji wanaingia, mimi nasugua mashine. Wifi yangu akasema ndiyo vile, kila mtu na wazimu wake wa msiba. Watu wameniuliza baadaye kwa nini sikukipiga picha kile kioo kwa simu. Sikuwaza. Msiba unakula akili.

Kesho yake nikaipeleka steshenari wasifu uchapishwe. Flashi yangu haikuingia, matundu ya Mac ni madogo. Nikautuma kwa barua pepe, ukafika, lakini kompyuta yao, Windows kama yangu, haikuufungua. Yule dada wa steshenari akasema ungebadilishwa kwanza hukohuko kwenye Mac. Kaka alikuwa hajanifundisha hilo. Nikataka kuuchapa upya palepale, gari la jeneza likapiga honi. Tunazika Butiama, nyumbani, na wazee hawapendi jua liwazidi. Basi nikapanda, nikaipakata ikiwa wazi mpaka tunafika, nikiigusagusa kama mama anayeogopa mtoto asilale.

Nilipoitwa kusoma, nikasimama mbele ya jeneza nayo mikononi. Watu wakaguna kidogo kuona kompyuta kaburini. Nikasema haya ni maneno yake mwenyewe, nikaanza. Kuzaliwa, shule, ubatizo, kazi, ugonjwa. Kisha nikasoma: "Nimeacha mke mmoja na watoto wanne. Wa kwanza yuko Guta."

 Nilimwona yule binti wa Guta kule nyuma kwa akina mama wa jikoni. Tangu asubuhi alikuwa anapika. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

Baba mdogo ndiye msemaji wa ukoo. Alinijia polepole, akanishika bega kwa huruma, ungedhani nimezimia. Akasema nimechoka, msiba umenichanganya. Na kwa mkono ule mwingine akaifunika Mac.

Nilipiga kelele. Sioni aibu kusema. Nikasema kaandika mwenyewe, ni maneno yake, mimi nilichapa tu.

"Basi fungua, mama," akasema. "Wote tuone."

Nikafungua. Ikatokea picha ya ziwa aliyoipiga Mugango, nzuri kweli, na chini yake ikataka kidole. Nikaweka changu. Ikatikisika, ikakataa. Nikaweka tena. Nikajua kabisa kidole kinachotakiwa kiko wapi, kiko hatua mbili kutoka nilipo, ndani ya mbao zilizopigiliwa misumari, na nililitazama lile jeneza kwa muda ambao mtu mwenye akili timamu hatazami jeneza. Wifi akaona ninachowaza. Akaangua kilio.

Baba mdogo akachukua kipaza sauti. Marehemu ameacha mjane mmoja na watoto watatu, akasema. Bwana ametoa.

Yule binti alishafika pembeni yangu, sijui saa ngapi. Ananuka moshi. Akaichukua ile Mac mikononi mwangu, akaifunika vizuri, akanirudishia.

"Acha, Shangazi," akasema. "Mimi nimesikia."

Nikamwambia twende wote mbele, nimshike mkono, nani atatufukuza. Akatikisa kichwa, akarudi jikoni.

Watoto wa marehemu wakaitwa kutupa udongo. Wakaenda watatu.