Kebo za Betri Shingoni mwa Mtani

Kila nikisikia harufu ya maji ya moto yakimwagwa juu ya ule ukoko wa kijani unaoota kwenye betri ya gari, harufu chachu inayokwaruza pua, mimi hukasirika. Wiki iliyopita nilipita kwa jirani yangu fundi, hapa Tanga, nikamkuta na birika mkononi, na uso wangu ukabadilika hata akaniuliza amenikosea nini. Nikamwambia si yeye, ni watani wangu. Basi na nyinyi nisikilizeni, mniambie kama sina haki.

Baba alikuwa na pikapu ya kubebea machungwa. Tulikaa Muheza, na ile pikapu iliwaka siku ilipopenda. Baba akigeuza ufunguo, injini husema ta-ta-ta, halafu kimya, tukawaita majirani waje wasukume. Shuleni waliniita binti wa gari la kusukuma. Baba alizoea kusema subira yavuta heri, lakini Jumamosi moja subira yenyewe ilimwishia. Alirudi kutoka mjini na kebo mpya za shaba, nene kama kidole gumba, moja nyekundu na moja nyeusi, pamoja na vile vichwa vya kubana nguzo za betri ambavyo mafundi huviita temino.

Tulishinda uani, mimi na yeye. Nilichemsha maji, akayamwaga juu ya ukoko. Nilimpa spana namba kumi, akanifundisha kwamba waya mweusi hutangulia kutoka na huwa wa mwisho kurudi. Nilizisugua nguzo za betri kwa msasa mpaka zikang'aa, nikazipaka grisi kwa kidole changu. Waya za zamani tulipozichuna zilikuwa zimeliwa kwa ndani, zimekuwa unga wa kijani, na nje zinaonekana nzima kabisa. Kisha baba akagusa ufunguo, na injini ikanguruma hapohapo. Mama alituletea chai uani, akatuita mafundi. Nayasema haya ili mjue kwamba kazi ile ilikuwa yangu pia.

Wiki haikwisha, Bibi, mzaa baba, akafariki kijijini kwake Tongoni. Mimi nimerithi jina lake, ndiyo maana baba aliniita mama. Tulikwenda msibani bila kusukuma gari, na tulipofika baba hakukaa. Aliwafuata wazee Pangani, akafuata mchele, akafuata kuni, akafuata maji. Alipokwisha kutia udongo kaburini alirudi garini kufuata maturubai. Watu walimsifu kwamba huyo ndiye mtoto wa kiume. Nami nilikaa mbele kando yake nikijivuna, maana kila alipogusa ufunguo kilichoitika kilikuwa kazi ya mikono yetu. Macho yake yalikuwa makavu, nikadhani ndivyo wanaume wanavyofiwa.

Kesho yake asubuhi, hata khitma haijasomwa, akaaga. Machungwa yalikuwa yamekwisha kuchumwa, yamo kwenye magunia nyumbani, na yangeoza. Wazee waliguna tu, hakuna aliyemzuia. Akaingia garini, akageuza ufunguo. Kimya. Hata ile ta-ta-ta ya zamani haikusikika. Akafungua boneti. Betri ipo, kebo hazipo, wala temino.

Ndipo akatokea Shangazi Mwanaidi, binti wa mjomba wake baba. Kwetu mabinamu ni watani, na mtani akiingia msibani haombi ruhusa ya mtu. Alikuwa amejifunga kanga za Bibi, ameshika bakora ya Bibi, anakohoa kama Bibi. Shingoni alikuwa amejivika kebo zetu kama mkufu wa bi harusi, temino zinaning'inia kifuani, na grisi yangu imemchafua shingo yote.

"Wenda wapi, binamu?"

"Muheza. Nipe waya zangu, Mwanaidi."

"Mamako kafa, hujamtolea hata chozi, weye wenda kuyalilia machungwa. Zikomboe."

Baba akatia mkono mfukoni. Shangazi akaugonga ule mkono kwa bakora.

"Sitaki pesa. Kaa pale jamvini mpaka khitma."

Watu wakaangua kicheko. Hapo ndipo nilipopandwa na mori. Nilimwendea bila hata shikamoo, nikamwita mwizi, nikazishika zile kebo nikavuta. Wakazidi kucheka, kifo cha wengi harusi. "Mtani hakasirikiwi," mzee mmoja akaniambia. Nilikuwa sijawahi kusikia neno la kipuuzi kama lile. Mtu anaiba mchana kweupe, tena msibani, na anayekaripiwa ni mimi!

Shangazi aliniondoa mikono kwenye kebo. Alimtazama baba, akamwita kwa sauti ya Bibi, ile yenye mikwaruzo, kwa jina la utotoni ambalo Bibi peke yake ndiye aliyekuwa akilitumia.

"Kibwana, hukai nami hata kidogo?"

Baba alicheka. Akacheka tena. Aliketi pale pale mchangani, mgongo kwenye tairi, akalia kwa sauti. Nilikuwa sijapata kumwona baba akilia. Wanaume wenzake wakamwinua, wakampeleka jamvini, akakaa huko mpaka khitma ikasomwa.

Nilimchukia Shangazi kwa chuki ya kweli. Siku ya kuondoka alizirudisha kebo mwenyewe, akazifunga kwa spana, nyekundu kwanza na nyeusi mwisho, na mimi nikakataa kumuaga. Nyumbani tulikuta machungwa yametoa maji, tukayamwaga shimoni, nzi wametuzunguka. Baba alikuwa akiyamwaga na huku anatusimulia habari za mama yake, na mimi nimenuna.

Shangazi amekwisha kufa. Mwaka jana tulimzika baba, huko huko Tongoni. Nina gari langu sasa, na temino zake nilizifunga mwenyewe. Nilifuata mchele, nikafuata maturubai, nikapokea wageni, nikajibu simu, na watu wakanisifu. Siku ya pili nikaaga, kwa kuwa kazini walikuwa wakiningoja. Mabinamu zangu walikuwa wameketi jamvini, wameinamia simu zao. Wakanipungia mkono kwa adabu: "Pole sana, dada. Safari njema."

Nilikaa garini kitambo, ufunguo mkononi, nikiwatazama. Hapo ndipo nilipoelewa Shangazi alikuwa amempa baba nini, na nikaomba moyoni nami nikigeuza ufunguo nikute kimya.

Gari liliwaka mara moja. Hasira zile za utotoni zikanipanda tena, nikaenda nazo njia nzima hadi mjini, safari hii kwa watani wangu wote ambao hawakuniibia kitu.