Eufrazia na Maharage ya Kipaimara

Eufrazia alitoka Majimoto akaolewa Majengo, mjini Mpanda, na watu wa mtaa walishikilia kwamba hakuna harusi iliyofana bila sufuria zake. Maringo yake yalikuwa ya aina moja tu, ila yalimtosha: hakuonja. Alidai maharage yaliyoiva hujitangaza kwa harufu, na kwamba mpishi anayeonja anadoea chakula cha wageni. Wasaidizi wake walionja kwa kujificha.

Mwaka 1975, kwa sherehe ya kipaimara, maharage mekundu yalinunuliwa kwa Donatille, mkimbizi wa makazi ya Katumba aliyekuwa akiuza pale Majengo. Askofu alitarajiwa mchana. Akafika asubuhi, jambo ambalo hakuna aliyejiandaa nalo kwa kuwa halikuwahi kutokea. Wapishi wakaacha miiko, wakakimbilia barabarani kupiga vigelegele, na moto ukabaki makaa. Waliporudi, maharage yalikuwa yamevimba, yamepasuka maganda, yananukia kitunguu. Eufrazia akavuta harufu. "Pakueni," akasema.

Baada ya muda si mrefu Majengo nzima ilikuwa kwenye foleni ya vyoo. Walitapika wenye vyeo na wasio navyo, bila itifaki. Askofu, aliyekula kuku, aliondoka akisifu ukarimu. Eufrazia hakuwa ameonja, kwa hiyo alikuwa mzima kabisa, akipeleka maji nyumba hadi nyumba.

Alasiri, matumbo yalipotulia kidogo, watu walikusanyika kwa Lyamba, balozi wa nyumba kumi. Donatille alikuwa ameketishwa chini, gunia lake pembeni. Aliyefoka zaidi ni Skolastika, wifi yake Eufrazia.

"Tumewapokea, nyie mnatulisha sumu!"

"Sumu niitoe wapi, mama? Wanangu wamekula haya haya jana."

"Nyie mnaijua dawa ya kuizuia hiyo sumu!"

Lyamba, mkono tumboni, alisema kesho mama huyu atafikishwa polisi, na watu wa Katumba hawatauza tena Majengo. Donatille aliinamisha kichwa. Kwao hakukuwa na soko lingine la kupatia chumvi na nguo za watoto.

Eufrazia alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemtazama vibaya. Angenyamaza tu, sifa zake zingebaki kama zilivyo, zimeegemea mgongo wa yule mama. Halafu, tuseme ukweli wote, kulikuwa na jingine lililomkera: sufuria aliyoipika kwa mikono yake ilikuwa inapewa mwenyewe mwingine.

Akaenda akaileta. Akachukua punje moja, akaitafuna mbele ya watu, na waliomjua wakasogea karibu waone vizuri. Katikati punje ilikuwa ngumu kama chaki.

"Hayakuiva. Nimepika vibaya mimi."

"Acha kumtetea, wifi," alisema Skolastika. "Maharage mabichi yanajaza tumbo gesi, hayaangushi mtaa!"

"Basi kaa uangalie."

Akapakua sahani, akala hadi akaifuta kwa kidole. Watu wakakaa kumsubiri kama wanaosubiri matokeo ya mpira. Giza lilipoanza kuingia, akatapika pale pale uani, mkono kiunoni, bila kuinama zaidi ya ilivyohitajika.

"Umeona?" akamuuliza Skolastika. "Hiyo ni kazi yangu."

"Au ni gunia," alisema Lyamba, ambaye hakupenda mambo yaishe haraka.

Kwa hiyo asubuhi, macho yakiwa yamemwingia ndani, Eufrazia aliinjika maharage ya gunia lile lile, akachochea moto yakatokota kwa kishindo, akaonja, akachochea, akaonja tena, mpaka yakapondeka ulimini. Akala sahani nzima. Walinzi wa tumbo lake wakasubiri, wengine kwa matumaini. Alipoanza kutwanga mahindi akiimba, Lyamba aliomba na yeye apewe sahani.

Donatille alijitwika gunia lake. "Dada, ungeweza kunyamaza," alisema.

"Halafu sufuria yangu iwatapishe watu, sifa apewe mwingine?"

Harusi iliyofuata, mtu mmoja alipendekeza safari hii apike Getrude, mpishi mwingine wa mtaa. Skolastika alikataa katakata.

"Getrude tutamwaminije? Kuna aliyewahi kumwona akitapika chakula chake?"

Hakuna aliyewahi. Wakatumwa watu kwa Eufrazia, naye akawaacha wamsihi kidogo kabla ya kukubali.